Jiwe, Chuma na Tope: Nanga za Mashua Ndogo katika Mwambao wa Geita

Lugha ya mabaharia wa pwani ina majina mawili kwa kitu ambacho mtu wa bara hukiona kimoja. Chuma chenye makucha manne yaliyopindwa, ambacho majahazi na mashua huteremsha kwa amari ya kamba, huitwa nanga. Chuma kizito chenye makucha mawili, na mtaimbo uliokingama juu yake, kilichokuja na meli za Ulaya, huitwa baura. Majina hayo yalitengwa kwa sababu vitu hivyo viwili havishiki kwa namna moja. Nanga ya makucha manne hukwama penye miamba kwa upande wowote itakaoangukia. Baura hutaka mchanga au tope ili izamishe kucha moja, na mtaimbo wake ndio unaoilaza ipasavyo. Nahodha aliyechanganya mambo hayo mawili aliweza kuamka na kukuta chombo chake si pale alipokiacha.

Kabla ya chuma kupatikana kwa wingi, hata vyombo vikubwa vya Bahari ya Hindi vilishikwa na mawe. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimbua magofu ya Kilwa, aliandika mwaka 1980 kuhusu mihimili ya nanga za mawe iliyopatikana katika upande huu wa bahari: mawe marefu yaliyochongwa mraba, yenye matundu ya kupenyezea makucha ya mti. Neno lenyewe, nanga, ni jamaa wa langar ya Kiajemi, na njia lililopitia ndiyo iliyopitiwa na vyombo. Basi ikiwa pwani, yenye bandari na mafundi wake, ilianzia kwenye jiwe, haitupasi kulidharau jiwe tunapolikuta kwingineko.

Kwingineko huko ni Ziwa Nyanza, ambalo Wazungu waliliita Victoria. Kusini mwake ipo nchi ya Shinyanga, tambarare kavu ya Wasukuma isiyogusa ziwa lakini iliyo njiani kuliendea. Na magharibi yake upo ukanda wa dhahabu wa Geita, ambao kaskazini yake huishia majini: Ghuba ya Nungwe, Nkome, Chato, na kisiwa cha Rubondo. Hata utawala umezifunga nchi hizi mbili pamoja, kwani Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012 ulimegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga yenyewe.

Vyombo vya zamani vya maji hayo vilikuwa mitumbwi ya gogo moja na mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa, ambayo fahari yake ilikuwa ile ya visiwa vya Ssese na Buganda. Mtu wa Lamu au wa Unguja aliyeusikia mtepe angeufahamu mara moja ufundi huo wa kushona mbao kwa nyuzi pasipo misumari, ingawa vyombo hivyo viwili havina nasaba moja. Jioni vilivutwa ufukweni. Vilipohitaji kusimama majini, ama kwa uvuvi ama kwa kungojea upepo utulie, vilishikwa na jiwe lililofungwa kamba.

Hapa panazuka swali ambalo historia ya ziwa haijalipa haki yake. Watu wa nchi hiyo hawakukosa chuma. Katika misitu ya Buzinza, ndani ya eneo ambalo leo ni Geita, waliishi Warongo, wahunzi mashuhuri walioyeyusha chuma katika matanuru ya udongo na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi. Jembe hilo lililima, lililipa mahari, na lilipokelewa sokoni mithili ya fedha. Mhunzi awezaye kufua jembe aweza bila shaka kupinda kucha. Kwa nini basi mtumbwi ulifungwa jiwe?

Jibu lililo karibu zaidi na akili ni kwamba wenye mitumbwi walipiga hesabu. Nanga ni kitu kinachotupwa mahali pasipoonekana, na kila mara kinapotupwa kinaweza kisirudi. Mawe makubwa ya matale yaliyotapakaa katika mwambao wa kusini, ambayo mgeni wa Mwanza huyaona yamepandana juu ya vilima na kuchomoza majini, yanaendelea hivyo hivyo chini ya ziwa. Kucha ikiingia katika ufa wa jiwe la namna hiyo, kamba hukatwa na chuma huachwa. Kupoteza jiwe ni kupoteza mzigo uliookotwa ufukweni; kupoteza chuma cha uzito huo ni kupoteza majembe kadhaa, na pengine sehemu ya mahari. Chombo chenyewe, kwa kuwa kililala nchi kavu, hakikutegemea nanga usiku kucha. Kwa matumizi hayo jiwe lilitosha, na waliolichagua hawakuwa wajinga wa chuma.

Hata hivyo hesabu ya jiwe ina upungufu ambao haubadiliki kwa mila wala kwa zama. Jiwe la matale la kilo 20, likiisha kuzama, hubaki na uzito wa kilo 12 na nusu hivi, kwa maana maji hulibeba sehemu ya uzito wake. Chuma cha kilo 20 hubaki na zaidi ya kilo 17. Tena jiwe hushika kwa uzito wake tu, na juu ya tope laini huteleza kama mtu aliyekalia ukoka wenye umande. Nanga yenye kucha, ikipata mahali pa kuzama, hushika mara nyingi kupita uzito wake. Maadamu chombo ni chepesi, upepo ni mdogo, na wenyewe wamo ndani na kafi mkononi, tofauti hiyo haiui mtu. Mambo hubadilika chombo kinapokuwa kizito na kulazwa majini.

Vyombo vya namna hiyo viliingia ziwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. John Hanning Speke alipofika Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858, akitokea Kaze kwa njia ya Msalala na Salawe, hakuwa na chombo chochote. Alisimama kilimani, akatazama, na baada ya siku chache akarudi alikotoka. Henry Stanley alijifunza kutokana na upungufu huo. Mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, ilitengenezwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Ilitoka Bagamoyo Novemba 1874, ikapita nyika za Usukuma juu ya mabega ya watu ambao wengi wenzao walikufa njiani, na mwisho wa Februari 1875 ikafika Kageyi, mashariki ya Mwanza. Tarehe 8 Machi iliingia majini na mabaharia 11 wa msafara wake, msukani mikononi mwa Safeni, mmoja wa waungwana walioandikwa Unguja, ambaye hakujaaliwa kurudi kwao: alipotelea karibu na mlango wa Mto Kongo mwaka 1877.

Safari hiyo ya kulizunguka ziwa ina tukio moja ambalo kila mwenye mashua ndogo angelitafakari. Tarehe 28 Aprili 1875, katika kisiwa cha Bumbire, mashua iliingia ufukweni kutafuta chakula. Watu wa kisiwa waliikamata, wakaiburuta nchi kavu na mabaharia wakiwa ndani, wakachukua makasia. Mabaharia waliisukuma tena majini kwa nguvu zote, wakaondoka kwa kupiga maji kwa mbao walizong'oa sakafuni mwake. Agosti ya mwaka huo Stanley alirudi na silaha nyingi akaua watu wengi wa Bumbire, kitendo kilicholaumiwa hata huko Uingereza. Hukumu ya kitendo hicho ni ya historia pana zaidi. Kwa mambo ya nanga, fundisho lake ni jepesi: chombo kilichosimamishwa mbali kidogo na nchi kavu kina hiari ya kuondoka, na chombo kilichopandishwa ufukweni kimeikabidhi hiari hiyo kwa wenye ufuko. Mtumbwi wa mwenyeji uliweza kulala nchi kavu kwa kuwa ufuko ulikuwa wake. Mgeni alihitaji nanga.

Aliyeyajua hayo kwa uzoefu ni mfanyabiashara wa pwani. Songoro, aliyefanya makazi yake Ukerewe, alikuwa akiunda jahazi huko wakati wamisionari wa CMS walipofika ziwani mwaka 1877. Luteni Shergold Smith na mwenzake O'Neill walikinunua chombo hicho. Desemba mwaka huo wote watatu, pamoja na wafuasi wao wengi, waliuawa katika ugomvi na Lukonge, mtawala wa Ukerewe. Majahazi hata hivyo hayakukoma. Yalikuwa mazito mno kuburutwa mchangani kila jioni, yalilala majini yakiwa na shehena, na kwa hiyo yalidai kitu kilichoweza kushika pasipo kuangaliwa.

Chuma chenyewe kilikuja kushuka thamani kwa njia ya reli. Reli ya Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901, na meli ya William Mackinnon ilikuwa imekwisha kushushwa majini mwaka uliotangulia. Reli ya Tabora, ikipita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Wajerumani walikuwa wameona dalili za dhahabu katika nchi ya Geita tangu miaka ya 1890. Waingereza wakaitafuta kwa bidii katika miaka ya 1930, na mgodi wa Geita ukafanya kazi hadi 1966. Minyororo, vyuma vya mitambo na majembe ya kiwandani vikaingia pamoja. Jembe la kigeni liliwaondoa Warongo sokoni, matanuru yao yakapoa, na katika nchi iliyokuwa ikifua chuma chake kikabaki chuma cha kununua. Kwa upande wa vyombo, jambo hilo lilifungua mlango. Leo, pale dhahabu inapochimbwa na migodi mikubwa iliyofunguliwa tangu mwaka 2000 na wachimbaji wadogo wasiohesabika, hakuna mji usio na fundi wa kuchomelea, na fundi huyo kwa vipande vinne vya nondo na kipande cha bomba hutengeneza nanga ya makucha manne kabla ya adhuhuri. Umbo lile lile la majahazi limefika mwambao wa Geita likitokea karakana badala ya bahari.

Je, umbo hilo ndilo lifaalo? Jibu linategemea chini ya maji, na chini ya maji ya pande hizi inafahamika kuliko inavyodhaniwa. Tangu mwaka 1977 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walishirikiana na watafiti wa Mwanza kuchunguza furu, wale samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa wingi wa ziwa. Waligundua kuwa furu wa miamba, furu wa mchanga na furu wa tope ni aina mbalimbali, na kwamba mwendo mfupi tu katika Ghuba ya Mwanza hubadilisha jamii yote ya samaki kwa kuwa umebadilisha sakafu. Wengi wa furu hao walitoweka katika miaka ya 1980 baada ya sangara kuenea. Sakafu iliyowatenga ingalipo. Maana yake kwa mwenye mashua ni kwamba ghuba moja inaweza kumpa jiwe asubuhi, mchanga adhuhuri na tope jioni, pasipo kuondoka machoni pa mlima ule ule.

Tope nalo limeongezeka. Uchunguzi wa tabaka za sakafu ya ziwa umeonesha kuwa tangu miaka ya 1930 hivi, kadiri mashamba na makazi yalivyopanuka, rutuba iliyosombwa kutoka nchi kavu ilizidisha mwani, na mwani ukifa huzama. Katika miaka ya 1990 yakaja magugu maji, yaliyofunika ghuba nzima na ambayo hata leo husukumwa na upepo kama visiwa vinavyotembea. Kina pia hakikutulia: ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likashuka sana kufikia 2006, likapanda kuvunja rekodi mwaka 2020 na tena 2024, likifunika miti na kuta za ufukweni ambazo sasa ni visiki vya kunasa nanga.

Juu ya sakafu hiyo sasa huelea pia mashua za starehe. Si nyingi, lakini zina historia yake. Rubondo, ambayo wakazi wake wavuvi na wakulima walihamishwa katika miaka ya 1960, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, na wageni huizuru kwa boti ndogo kutazama ndege, mamba na viboko, na kuvua sangara kwa ndoana. Saanane, karibu na mji wa Mwanza, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wa Geita ulazima wa kivuko. Kwa wengi wao kupanda chombo sasa kutakuwa jambo la hiari.

Mwenye chombo cha namna hiyo hukuta madukani na katika orodha za wauzaji maumbo ambayo mababu wa ziwa hawakuyaona, na kila moja lilizaliwa kwa haja yake. Nanga ya uyoga ilibuniwa na Robert Stevenson mwanzoni mwa karne ya 19 kwa meli ya taa huko Scotland. Huzama polepole katika tope na kufaa chombo kikaacho mahali pamoja miezi mingi, si cha kutembea. Nanga ya jembe, iitwayo CQR, ni kazi ya G. I. Taylor, mtaalamu wa hisabati wa Cambridge, mwaka 1933. Hulima sakafu, na ikigeuzwa hujizika upya. Nanga ya Danforth, ya Marekani, iliyotokea mwishoni mwa muongo huo, ni nyepesi na ina mabamba mawili mapana yanayoshika mchanga na tope kwa nguvu kubwa, lakini penye jiwe tupu huteleza, na penye magugu hukusanya majani kabla ya kuonja udongo. Ile ya makucha manne hubaki bora penye mawe, mradi kamba ndogo ya pili ifungwe kitakoni mwake ili ing'olewe kinyumenyume ikinasa.

Yapo mambo mawili ya mwambao wa Geita ambayo orodha za wauzaji hazielezi. La kwanza ni upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Katika ufuko huu wa kusini, mashua iliyotiwa nanga alasiri hutazama kaskazini, shetri yake ikielekea mchangani, na nanga ikiteleza humfikisha mwenyewe ufukweni akiwa amelowa tu. Usiku wa manane mashua hiyo hiyo imegeuka. Nanga iliyozikwa kwa upande mmoja sasa inavutwa kwa upande wa pili, na ikiachia, chombo huenda kwenye ziwa wazi lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi, katika saa zile zile ambazo dhoruba za radi hupenda kuzuka katikati yake. Kwa hiyo nanga inayojizika upya ina thamani hapa kuliko inayoshika sana kwa upande mmoja. Na anayelala majini hutia mbili.

La pili ni amari. Nanga yoyote, hata ya Taylor, hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu hung'oka. Penye kina cha mita 6, na omo ikiwa mita moja juu ya maji, inahitajika amari ya mita 35 mchana na karibu 50 usiku, na mita chache za mnyororo mwishoni ili kuilaza kamba na kuilinda isisagwe na jiwe. Kamba ndiyo inayokatwa kwa ubahili, maana haionekani inapokuwa fupi.

Ubahili huo una mwenyewe. Katika uvuvi wa ziwa, mwenye chombo mara nyingi hulala nyumbani na mavuvi hufanywa na watu wa mgao. Katika starehe, mgeni hulipa na nahodha wa kuajiriwa hubaki na boti usiku. Ukaguzi wa vyombo vidogo, uliokuwa chini ya SUMATRA na kuhamia TASAC mwaka 2018, waweza kuona kama nanga imo ndani ya boti. Hauwezi kuona kama italishika tope la Nungwe. Hilo linabaki kati ya anayenunua na anayelala majini, na mara nyingi hao ni watu wawili.

Pwani ina chombo cha kale cha kuwapatanisha, nacho ni bildi: kipande cha risasi chini ya kamba yenye alama, kilichopakwa mafuta mazito kitakoni. Kikiteremshwa huleta habari ya kina, na kikipandishwa huleta chembe za mchanga, au tope, au mkwaruzo mtupu wa jiwe. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, wasema wahenga. Bildi humfikisha mtu chini pasipo kulowa. Wenye mitumbwi wa zamani hawakuihitaji, kwani walivua katika maji waliyoyazaliwa na jiwe lao lilitokana na ujuzi huo. Mwenye mashua ya leo, anayetoka Shinyanga au Dar es Salaam kwa mapumziko ya siku tatu, hana ujuzi huo, na haupatikani dukani. Angalau aipitishe bildi katika ghuba anazokusudia kulala, kisha ndipo aende kununua nanga.